Dume Aliyekosa Mguu

Madume walikuwa tisa, kila mmoja na urefu wa milimita nne hivi, wamegundishwa kwenye ncha za vipembetatu vya karatasi. Ni wadudu wa familia ya Cicadellidae, wale wafyonza utomvu ambao ukigusa jani tu wamesharuka. Spishi zenye majina katika familia hiyo zimepita 20,000, nami nilikuwa naongeza moja. Nilikuwa na haraka, sifichi.

Kilichobaki ni kuchagua holotaipu, kielelezo kimoja kitakachobeba jina daima. Tangu mwaka 2000 kanuni za kimataifa hazilitambui jina jipya la spishi ya mnyama bila kielelezo hicho, au kundi la vielelezo badala yake, kutajwa waziwazi. Nikamchagua mrembo: mabawa hayajachanika, miguu yote sita, miiba ya miguu ya nyuma imejipanga kama meno ya kitana.

Rangi za wadudu hawa hudanganya. Ushahidi wa spishi uko kwenye umbo la uume. Nilichomoa tumbo, nikaliloweka katika haidroksidi ya potasiamu hadi nyama ikayeyuka, nikalihamishia kwenye tone la gliserini. Uume ulikuwa mfupi, hauna hata kimwiba. Wa ajabu, nikasema, nikauchora kwa saa tatu.

Dume wa pili nilimfungua kutimiza wajibu tu. Alikosa mguu mmoja wa nyuma. Uume wake ulikuwa mrefu, umepinda kama ndoana, na vimwiba viwili nchani. Wa tatu vilevile. Wa nne vilevile.

Spishi mbili kwa mkupuo mmoja! Mwalimu wangu alipofika mezani nilikuwa nimeshatunga jina la pili. Mchoro hakuutazama. Aliinamia hadubini, kisha akauliza, "Humu tumboni umeangalia?"

Sikuwa nimeangalia. Kulikuwa na kifuko chembamba kilichokunjamana: ngozi ya buu wa nzi wa familia ya Pipunculidae. Nzi hao hutaga yai ndani ya mdudu aliye hai, buu akamla taratibu, na dume anayeliwa hivyo huweza kubaki na viungo vya uzazi vilivyodumaa. Mrembo wangu alikuwa mgonjwa. Laiti ningempa jina, wataalamu wangesaka spishi isiyo na vimwiba wasiipate.

Lebo nyekundu, ambayo kwa desturi ni ya holotaipu, ilikuwa tayari kwenye pini yake. Kati ya wazima, aliyekosa mguu ndiye aliyekuwa na afadhali, nikamhamishia yeye. Ukiitazama vizuri lebo hiyo, ina matundu mawili.