Nilivyotengeneza mifereji ya paa bila kugusa grenda

Ukiuliza mtaani bati linakatwaje, jibu ni moja: grenda, ile mashine ya umeme yenye diski ya kukatia. Nimeambiwa hivyo na fundi wa mageti, na muuza vifaa, na shemeji yangu akaniazima kabisa ya kwake. Kwa geti au nondo, sawa. Kwa bati la geji 28, lisilofika hata nusu milimita, ushauri huo unaharibu mali za watu, na hapa Tanga, kwenye upepo wa chumvi, unaziharibu upesi.

Niliijaribu kwanza kwenye kipande kidogo. Bati lilitetemeka na kupiga kelele, ukingo ukaungua ukawa na vinundu vikali kama meno ya papa. Cheche nazo zikarukia uso wa bati zikanasa. Bati limepakwa zinki ili lisishike kutu; zinki hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na cheche ya grenda ina moto kuliko huo. Nikakiweka kipande nje kwenye mvua pamoja na kingine kilichokatwa kwa mkasi. Cha grenda kilishika kutu ukingo mzima, na kila iliponasa cheche pakatoka doa jekundu. Cha mkasi kilibaki cheupe, maana zinki ikiwa nzima juu na chini huulinda hata ule ukingo mwembamba ulioachwa wazi. Tangu siku hiyo sibishani na mtu, namwonyesha vipande viwili.

Nikanunua mkasi wa bati, elfu kumi na tano au zaidi kidogo. Wenye mpini mwekundu hukata kwa kupinda kushoto, wa kijani kulia, wa njano hunyoosha. Usiufunge mdomo wote: sukuma bati hadi kooni, pale ndani kabisa makali yanapoungana, kata, fungua kabla ncha hazijakutana, sukuma tena. Zikikutana hubaki kijino, na kijino hicho ndicho kinachochana vidole. Glavu za ngozi ni lazima.

Vifuniko vya ncha za mfereji nilitaka vilingane vyote. Msumeno wa chuma peke yake hunasa, kwa sababu nafasi kati ya jino na jino ni kubwa kuliko unene wa bati. Nilipanga vipande vyote katikati ya mbao mbili za plaiwudi, nikachora juu ya ubao, nikabana kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, na kukata vyote kwa pamoja kwa msumeno huohuo, wembe wake ukiwa wa meno 32 kwa inchi. Vilitoka vimenyooka, hata tupa haikupata kazi kubwa.

Lakini ninachojivunia ni tundu la bomba. Likate kabla ya kukunja mfereji, bati likiwa bado bapa. Nilichora duara la bomba la inchi 3, na ndani yake duara lingine, dogo kwa sentimita moja kila upande. Nikatoboa katikati kwa tindo, bati likiwa juu ya gogo, kisha mkasi mwekundu ukazunguka kutoka kati kwenda nje, kinyume cha saa, hadi duara dogo. Halafu nikachanja vipande vyembamba kufikia duara kubwa na kuvikunja chini kimoja kimoja kwa koleo. Vinaingia ndani ya bomba, kwa hiyo maji hayana pa kuvujia ila yashuke. Silikoni nilipaka kidogo tu kuzunguka, na tanki lilijaa kwa masika ya kwanza.