Vidani vya daikroiki: mabaki kutoka Marekani, bika zilizovunjika kutoka Dodoma

Kioo cha daikroiki hakina rangi ndani yake hata chembe. Ukikishika hivi unaona zambarau, ukikiinua dhidi ya jua kinakuwa cha dhahabu, lakini kinachocheza pale ni utando tu: oksidi za metali kama titani, pamoja na silika, zimepakwa tabaka juu ya tabaka ndani ya chemba iliyoondolewa hewa. Tabaka zote kwa pamoja kwa kawaida hazifikii unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Teknolojia yenyewe ilikuzwa kwa ajili ya vyombo vya anga na vichujio vya mwanga, kisha watu wa mapambo wakaidaka.

Shiti zima bei yake haishikiki kwa mtu kama mimi. Natumia mabaki, vile vikato vya pembeni ambavyo wauzaji wa Marekani huviuza kwa uzito: vingine upana wa kidole, vingine upana wa kucha, na pembetatu ambazo hazikukatwa kwa mpango wowote. Mjomba akija likizo huniletea mfuko kwenye begi lake, umefungwa na soksi zake.

Wanaopita kibandani kwangu Chang'ombe, hapa Dodoma, husimama nikiwasha tochi ya gesi, nikiizima wanaondoka. Wanaona moto ndiyo kazi. Kwangu mimi moto unathibitisha tu kama nilikaa vizuri mezani kuchambua.

Kuna jambo moja ambalo usipolijua huwezi kutengeneza kidani kimoja kikabaki kizima. Kioo kikipata joto hutanuka, kikipoa hunywea, na kila aina ina kipimo chake. Mafundi huitambulisha kwa namba: 90, 96, 104, 33. Unganisha 90 na 104 vikiwa vimeiva na vitashikana vizuri kabisa, utafurahi, halafu vikipoa kimoja kitanywea kuliko mwenzake na kidani kitapasuka, usiku huo huo au wiki ijayo shingoni mwa mteja. Mabaki yanayouzwa kwa uzito mara nyingine huja yamechanganywa, kwa hiyo lebo ya mfuko naichukua kama tetesi.

Nilichagua 33, yaani kioo cha borosiliketi, na sababu yangu ni ya kimaskini. Kidani kinahitaji kioo cheupe, yaani angavu kisicho na rangi, kingi kuliko hicho chenye utando, na vijiti vyeupe vya kuagiza vina gharama yake. Lakini bika nyingi, vile vikombe vya kioo vya maabara, zimeandikwa ubavuni "3.3", na hiyo 3.3 na ile 33 ni kipimo kile kile, koma tu imehama. Dodoma ina shule na vyuo vingi, na palipo na wanafunzi bika zinavunjika. Watunza maabara wakaanza kuniwekea vipande, na vilivyo bora kuliko vyote ni vijiti vya kukorogea vilivyokatika, kwa kuwa ni vinene na havina uwazi katikati. Navikubali baada ya kuambiwa vilishika nini, kisha naviosha na kuvikausha. Mirija ya majaribio naitazama kwa shaka, maana ya bei rahisi mara nyingi ni kioo cha kawaida cha soda.

Shaka hiyo huondolewa na uzi. Nachukua chembe ya kioo ninachokijua na chembe ya nisichokijua, naziyeyusha zikiwa ubavu kwa ubavu, nazibana kwa kibano na kuvuta uzi mrefu mwembamba. Ukipoa ukiwa umenyooka, ni wa ukoo mmoja. Ukijikunja kama upinde, hakuna ndoa hapo. Kila mfuko mpya nauanza hivyo, na vipande vilivyofaulu naviweka kwenye makopo ya kahawa, kopo na kundi lake.

Halafu inabidi kujua utando uko upande gani, kwa sababu kila kitakachofuata kinautegemea. Naweka ncha ya penseli juu ya kioo. Ncha ikigusana na taswira yake bila mwanya, pale ndipo penye utando. Ukiona nafasi kati ya ncha na taswira, utando uko upande wa pili. Nachora alama ya wino mgongoni, inaungua yenyewe baadaye. Vipande vilivyopakwa juu ya kioo cheusi havisumbui, upande unaong'aa unajionyesha, na ndivyo vyenye rangi kali kuliko vyote vikiwa shingoni.

Kuhusu moto: natumia gesi ya kupikia na oksijeni ya mtungi, kwenye tochi ndogo iliyofungwa mezani. Gesi peke yake na hewa haitoshi kuilainisha borosiliketi, ambayo huanza kulegea vizuri ikipita nyuzi 800 za selsiasi. Mtungi wa kwanza wa oksijeni niliazima kwa jirani, mzee anayechomelea mageti. Nilimwamkia shikamoo, nikaeleza shida yangu, akanisikiliza mpaka mwisho huku akifuta mikono. "Marahaba mwanangu. Mtungi chukua. Lakini mafuta na oksijeni ni wake wenza, usiwalaze chumba kimoja." Maana yake koki na mpira wa oksijeni havipakwi grisi kamwe, na mikono yenye mafuta haivigusi. Akaniongezea vali za kuzuia moto kurudi kwenye mpira, na fimbo nyembamba ya tangsteni, ile ya kuchomelea alumini, yenye mkanda wa kijani. Ya mkanda mwekundu alinikataza: ina thoria, ambayo ina mionzi kidogo, na vumbi lake likinolewa si la kuvuta.

Miwani ninayovaa inachuja ile njano kali ya sodiamu inayotoka kwenye kioo kikiwa motoni, vinginevyo unapigwa na mng'ao na kioo chenyewe hukioni.

Sasa utando. Oksidi zile zinavumilia joto, hazivumilii kulambwa na ndimi za moto. Ukizielekeza motoni zinageuka ukungu wa kijivu na hakuna kusugua kutakakozirudisha. Kwa hiyo mbinu yote ni kuuficha utando kati ya vioo viwili kabla moto haujaufikia. Nayeyusha ncha ya kijiti cheupe mpaka ijikusanye donge, nalibana kwa vibao viwili vya grafaiti liwe bapa. Mkono wa kushoto umeshika kipande cha daikroiki kwa kibano, mgongo wake ukipashwa polepole mkiani mwa moto, uso wenye utando ukiwa kivulini. Polepole kwa maana ya polepole, kwani kipande baridi kikirushwa katikati ya moto hurudi vipande vitatu. Bapa likiwa bado jekundu nalitoa motoni na kukilaza kipande juu yake, utando chini. Nakilaza kuanzia ncha moja kwenda nyingine, hewa ipate pa kutokea. Ukikibandika chote kwa mpigo, pale katikati patabaki kiputo cha hewa kitakachovimba ukirudi motoni.

Kinachobaki wazi ni kingo. Nazizungushia uzi wa kioo cheupe, nauyeyusha uzibe, na kuanzia hapo naweza kuuacha moto ufanye upendavyo. Naongeza donge jingine jeupe usoni, nalizungusha lijiumbe kuba, na kuba hilo linaikuza rangi kiasi kwamba kikato cha upana wa kucha kinajaza kidani kizima. Hapo ndipo napenda mabaki kuliko shiti. Mwenye shiti hukata mraba mkubwa na kupata kidani kinachong'aa kotekote bila pa kupumzisha jicho.

Utando hauyeyuki pamoja na kioo, wala haunyumbuki. Ukikivuta kioo, wenyewe unachanika vipande vidogo vidogo vyenye mianya. Wapo wanaoona hiyo ni kasoro. Mimi navuta kidogo makusudi kwenye vipande vya kijani na buluu, kisha nasokota robo mzunguko, na mianya ile inakuwa mistari.

Kitanzi cha kupitishia kamba nakitengeneza kwa uzi mnene wa kioo uliopindwa juu, na fimbo ya tangsteni ndiyo inayokipanua na kukinyoosha. Kidani kinahamia kwenye kijiti kingine kilichogusishwa chini, kile cha kwanza kinayeyushwa kiachie. Hatua hiyo inataka mkono mtulivu na haina siri nyingine.

Kikitoka motoni kinaingia tanurini moja kwa moja, kisipoe ghafla kikapasuka. Tanuri langu ni la matofali ya kuhimili moto na waya wa nikromu, fundi umeme wa mtaani alilifunga. Nalishikilia kwenye nyuzi 560 hivi, muda kulingana na unene, halafu linashuka taratibu usiku kucha. Umeme ukikatika katikati ya kushuka sihangaiki, matofali yana joto lake, mradi mlango usifunguliwe na mtu mwenye shauku.

Ukaguzi wa mwisho nimeupata kwa fundi simu. Alinipa filamu mbili za polaraiza, zile za kuchuja mwanga, alizobandua kwenye vioo vya kalkuleta zilizokufa. Nazipishanisha mpaka giza liingie, naweka kidani katikati na taa nyuma. Kikibaki cheusi kimetulia. Penye msongo, yaani pale kioo kinapojivuta ndani kwa ndani, panawaka mwanga, na hicho kinarudi tanurini. Vya kioo cheusi havikaguliki hivyo, vinahukumiwa na ule uzi wa mwanzo.

Kuuza nako kuna tabia yake. Picha za simu zinaonyesha rangi moja tu, kwa hiyo nauza uso kwa uso, nje, juani, na jua la Dodoma halina uchoyo. Msimu wa Bunge la bajeti mji ukijaa wageni ndipo vinatoka, na mwezi wa nane Nzuguni kwenye Nane Nane. Mama mmoja alikigeuzageuza kimoja kwa muda mrefu akaniuliza, "Mwanangu, hii si hirizi?" Nikamwambia, "Hapana mama, ni kioo tu." Akacheka, akanunua viwili, akasema kimoja ni cha wifi yake, na mimi nisimwambie mtu bei.

Bei yangu ni shilingi 20,000, chenye kioo cheusi 25,000, kamba ya ngozi ikiwa juu yangu. Vumbi la vipande lisilofaa kwa kidani nalizungushia kwenye ncha ya kijiti cheupe na kulifunika upesi kwa kioo juu yake. Hizo ni hereni, nazo huisha kabla ya vidani.