Niliambiwa ni baridi yabisi, kumbe ni figo

Kwetu Uyole, Mbeya, baridi husingiziwa kila ugonjwa. Nyonga ziliponianza mwaka 2021 sikushangaa. Nilikuwa na miaka 51, hedhi imeshakata, nauza viazi sokoni. Nikajichua kwa mafuta, nikawa nameza diklofenaki, dawa za maumivu za dukani, karibu kila siku.

Maumivu yakashuka visiginoni, yakapanda mbavuni. Nikipiga chafya nashika ubavu. Kupanda daladala ikawa lazima niushike mguu kwa mikono miwili niuinue mpaka kwenye ngazi, huku konda akigonga bodi: "Mama, twende!"

Dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi (ARV) nilianza 2007, na virusi vyangu vilikuwa vichache mno hata havionekani kwenye kipimo kwa miaka mingi. Kwa hiyo kila nikienda kliniki naambiwa, "Mama, uko vizuri, huo ni utu uzima." Iliniuma sana. Nikaanza kuhisi kidonge chenyewe ndicho kinachonila, nikawaza kukiacha. Lakini dada yangu tulimzika kabla dawa hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004, na mwenzangu wa kikundi alinishika mkono akasema, "Dada, usiache. Dai vipimo."

Daktari mwingine ndiye aliyenipa kikopo cha mkojo. Alichovya kile kijiti, kikageuka rangi: sukari. Akanitoboa kidole, sukari ya damu ikawa ya kawaida. Akarudia. "Mama, kisukari huna. Figo zako ndizo zinavujisha sukari. Nadhani zinavujisha pia fosfeti, madini ya mifupa." Damu ikathibitisha: fosfeti ilikuwa chini, na eksirei ikaonyesha ufa mwembamba kama unywele kwenye shingo ya fupa la paja.

Alinieleza taratibu. Tenofovia iliyomo kwenye kidonge changu, kwa baadhi yetu, huumiza vile vijirija vya figo vinavyorudisha fosfeti kwenye damu. Mfupa ukikosa fosfeti unakuwa laini. Zile diklofenaki nilizokuwa nazibugia zilizidi kuzibebesha figo mzigo.

Sikuachishwa dawa, nilibadilishiwa. Tenofovia ikatoka, ikaingia abakavia, pamoja na lamivudini na dolutegravia kama kawaida. Nikaonywa kwamba nikiona vipele na homa nirudi siku hiyo hiyo. Nikapewa fosfeti na vitamini D, nikatembelea magongo, na magunia ya viazi akayabeba mwanangu.

Baadaye nikaongezewa kalsiamu, na hapo nilikosea. Nilikuwa naimeza usiku pamoja na ARV, tumbo tupu. Mfamasia akaniambia kalsiamu huikamata dolutegravia tumboni isiingie vizuri mwilini: ama nizimeze zote pamoja na chakula, ama dolutegravia itangulie kwa muda wa saa mbili, au ifuate baada ya kupita muda wa saa sita tangu kalsiamu. Sasa kalsiamu naimeza mchana na ugali na dagaa wa Kyela, ARV saa mbili usiku, baada ya taarifa ya habari kuanza.

Mwezi wa nne tangu nibadilishiwe dawa, nilipanda daladala bila kuushika mguu. Visigino vilichelewa, karibu mwaka mzima. Kila miezi mitatu naomba mkojo upimwe. Wasiponipa kikopo, nakaa palepale kwenye benchi mpaka nipewe.