Siku moja na kishikwambi, mtaani Ngamiani

Saa 12 asubuhi niko juu ya baisikeli, kama nusu ya Tanga. Chai na mihogo njiani, kisha ofisini kuchukua fomu za ridhaa, kishikwambi na saa ya kuhesabia sekunde. Watu wakisikia natafiti Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo wa mwili, wananiona nimevaa koti jeupe, nachungulia darubini. Mimi nabisha hodi. Wilayani Hai, Kilimanjaro, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba ulikuta wagonjwa wengi hawajawahi kuambiwa na yeyote wanaumwa nini. Wagonjwa wa namna hiyo huwakuti kwenye mafaili ya hospitali.

Saa 2 kwa mwenyekiti wa mtaa. Kibali kina mihuri mpaka kimechafuka, ila wake haupo. Muhuri uko kwenye mkoba, mkoba uko nyumbani, nyumbani wamefunga. Tukasubiri.

Saa 4 nikaanza na babu ambaye kikombe kinamwagika kila akikiinua, lakini mikono ikitulia mapajani haitikisiki. Huyo huenda ana mtetemo wa aina nyingine. Mkono wa Parkinson hutetemeka zaidi ukiwa umepumzika.

Saa 5 na robo hivi, nyumba ya bibi mmoja. Majirani walishanionya: ana maringo siku hizi, hacheki, ukimsalimia anajibu kwa chini chini. Nilipomwona anatoka chumbani kwa hatua fupi fupi, mkono mmoja umeganda ubavuni, nikajua maringo hayamo. Misuli ya uso inakakamaa, sauti inafifia. Ameacha kusuka ukili, anasema, vidole havimfuati. Dalili zikifika hapo, seli nyingi za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo, zimeshakufa kitambo.

Namwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada, upesi upesi. Anaanza vizuri, kisha vidole vinasita. Ndipo mwanawe akaingia.

"Mnachukua damu?"

"Hatuchukui, kaka."

"Sasa begi la nini?"

Nikalimwaga lote mkekani. Mumiani hawezi kuwa na kalamu nyingi namna ile. Akachukua fomu ya ridhaa, ambayo mama yake alishaiwekea dole gumba, akaisoma tangu mwanzo kwa sauti, na kila aya ina swali. Nani analipa? Kwa nini mama yake halipwi? Kwa nini aulizwe mambo ya choo? (Kufunga choo na kupotewa na harufu huweza kuja miaka mingi kabla ya kutetemeka, ndiyo maana nauliza.) Bibi kachoka, jua limefika utosini, nami bado sijamtazama akigeuka.

Kisha akatoa simu. "Nimesoma humu, upupu unatibu. Nyie mnaficha mtuuzie vidonge."

Kinachoniudhi ni kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Mbegu za upupu zina levodopa, kitu ambacho ubongo hukigeuza kuwa dopamini, ileile iliyo kwenye vidonge vinavyotumika tangu miaka ya 1960, na watafiti wamezijaribu kwa wagonjwa. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba kipimo hutofautiana mbegu kwa mbegu, unaweza kumtapisha mama au kumwangusha kwa kizunguzungu, na kwamba vidonge haviponyi, vinarudisha mwendo tu. Alitaka tubishane, nikakubaliana naye nusu, akakasirika zaidi. Bibi ndiye aliyemaliza: "Mwache dada afanye kazi yake, wewe hujaniuliza siku hata moja."

Nikampima kutembea, kugeuka, kuchora mzunguko kwenye karatasi. Nikamwandikia aje kliniki Ijumaa, daktari ndiye wa kusema ni nini. Mimi nahesabu tu, na kuhesabu mtu ambaye hujui kama dawa itapatikana mwezi ujao kunachosha kuliko baisikeli.

Baada ya hapo sikumbuki saa. Nyumba zilizofungwa, wali wa baridi, mtandao uliogoma nikituma fomu.

Usiku simu ikaita. Yule kaka, bila salamu. "Hiyo Ijumaa aje na nini?"

"Na dawa zote anazotumia." Maana zipo dawa za kuzuia kutapika na za magonjwa ya akili zinazoweza kuleta dalili hizihizi.

"Hata za mitishamba?"

"Hata hizo."

"Basi nitaleta na upupu," akasema, "daktari aniambie mwenyewe."