Rangi ya helmeti na ya jezi

Mnaoshona sare za futiboli ya Marekani, tafadhali msichague rangi kwa kutazama skrini ya simu. Anzeni na kitambaa. Kikishatiwa rangi hakirekebishiki kirahisi, ila rangi ya kupuliza kwenye helmeti inachanganywa upya.

Mpeni fundi wa helmeti kipande halisi cha jezi, kama sentimita 10 kwa 10. Namba ya Pantone, ule mfumo wa kutambulisha rangi kwa namba, peke yake haitoshi: yenye herufi C ni ya wino kwenye karatasi inayong'aa, yenye TCX ni ya pamba, na jezi zenu ni poliesta.

Sasa ugonjwa wenyewe. Rangi mbili zinafanana kabisa chini ya taa ya karakana, zikitoka juani moja inavuta wekundu. Kemikali zake si sawa, kwa hiyo kila moja hurudisha mwanga kivyake. Zilinganisheni juani, kisha usiku chini ya taa za uwanja, ndipo mlipe.

Rangi ya fedha ndiyo sumbufu kuliko zote, kwa sababu helmeti ina chembe za metali na kitambaa hakina. Hata Dallas Cowboys, timu ya ligi kuu ya Marekani NFL, suruali zao za nyumbani huvuta kijani na helmeti huvuta buluu.

Na jamani, ganda la helmeti nyingi ni polikaboneti, aina ya plastiki ngumu. Tina ya kawaida, yaani kimiminika cha kuzimulia rangi, inaweza kulila na kuleta nyufa msizoziona. Msipulize chochote ambacho mtengenezaji wa helmeti hajakiruhusu.