Uamuzi wa Tabora, 1958
Jana vijana wa mtaani kwetu hapa Tabora waliniuliza kama mabadiliko huletwa na maandamano au vikao. Niliwaeleza kuwa Januari 1958, katika mji huu huu, wajumbe wa TANU walivutana vikali juu ya Kura Tatu, utaratibu uliomlazimu mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu kwa pamoja, hadi Mwalimu Nyerere alipowashawishi waingie katika uchaguzi badala ya kuususia. Zuberi Mtemvu alikataa, akajitoa na kuanzisha chama chake. TANU ilishinda. Mimi naamini kwa dhati kwamba Waingereza waliisikiliza TANU ndani ya Baraza la Kutunga Sheria kwa sababu nje kulikuwa na mikutano ya hadhara iliyofurika watu.