Kioo cha laptopu kimekufa, mashine inadunda

Mafundi wawili waliniambia jambo lilelile: "Bosi, hii ya zamani, tafuta nyingine." Kubadilisha kioo walitaka laki na ushee, hela ambayo ukiiongezea kidogo unapata laptopu ya mtumba Kariakoo. HP EliteBook 8440p yangu ni ya mwaka 2010, imechakaa kweli, lakini ndani nzima. Bonyeza Caps Lock uangalie kile kitaa chake. Kikiwaka na kuzima kila unapobonyeza, mashine iko hai, kilichokufa ni kioo. Hawakujaribu hata hilo!

Nilianza na televisheni ya sebuleni, maana ile haina gharama. Laptopu ina tundu la VGA, lile la kizamani la kutolea picha, televisheni ina HDMI tu, lile la kisasa. Kijana wa dukani akanitolea waya wenye VGA huku na HDMI kule. "Kaka, chomeka tu, inapiga." Nikachomeka. Giza. Nikazima, nikawasha, nikachomoa, nikachomeka, watoto nyuma yangu wanalilia katuni zao. VGA inatoa mawimbi ya analojia, HDMI inataka ya dijitali, na waya mtupu haubadilishi chochote. Kinachotakiwa ni kile kiboksi chenye sakiti ndani, na vingi vinakula umeme wa USB. Waya nilimrudishia; hela akagoma kurudisha, nikaondoka na flashi.

Nikaachana na televisheni, nikatafuta monita ya mtumba, zile za inchi 17 zenye umbo la karibu mraba ambazo maofisi yanazitupa. Elfu arobaini hivi, na waya wake wa VGA juu. Picha ikaja, ila kila mtu ana sura ya maiti, buluu na kijani tupu. Nikachungulia kichwa cha waya: pini ya kwanza, inayobeba rangi nyekundu, imelala chali. Nikainyanyua polepole kwa sindano ya kushonea, watu wakapona. Ukikuta pini moja ya mstari wa katikati haipo kabisa, usihangaike, nyaya nyingi zinatoka kiwandani hivyo.

Sasa ngoma yenyewe. Monita ilionyesha picha ya ukutani tu, hakuna ikoni, hakuna pa kubofya. Windows 10 ilikuwa inaamini nina vioo viwili, na kila programu niliyofungua ilifungukia kwenye kile kilichokufa. Kila mtu anakwambia bonyeza kitufe cha Windows na P, uchague picha iende kioo kipi. Sawa, halafu? Menyu nayo inatokea kulekule gizani, unachagua kwa kubahatisha. Mimi nikatumia njia isiyohitaji macho: Windows na R, inayofungua kisanduku cha kuandikia amri, kisha nikaandika kwa upofu displayswitch.exe /external, yaani tumia kioo cha nje tu, nikapiga Enter. Monita ikapepesa, ikazima, moyo ukapiga, ikarudi na kila kitu. Niliruka kitini! Nyumbani hakuna aliyeelewa nashangilia nini. Angalizo: lazima uwe umeshaingia ndani, kwa hiyo ikiwaka ipe muda, Enter, neno la siri, Enter tena, ndipo uandike.

Kwenye setingi za umeme niliiambia isilale nikifunga kifuniko. Hata hivyo huwa nakiacha wazi kidogo, joto lipate pa kutokea. Kibodi na mausi za nje ni za bei ya chipsi mayai. Umeme ukikatika, monita inazima lakini laptopu inaendelea na betri yake, hivyo nabonyeza Ctrl na S bila kuona kitu na kazi inabaki salama. Mwenye kompyuta ya mezani hana bahati hiyo.

Fundi mmoja aliposikia nimefanikiwa akanishauri nikate kifuniko chote nikitupe, mashine iwe nyepesi. Nikafungua fremu nikamwonyesha nyaya mbili nyembamba, nyeusi na nyeupe, zinazopanda pembeni ya kioo. Hizo ni antena za Wi-Fi. Ukikata, intaneti unaishika ukiwa umeikumbatia ruta. Akaguna, akaniuliza monita kama ile naweza kumpatia wapi.